Povu Halisimami, Mafuta Yanaelea: Utatuzi wa Matatizo ya Chokoleti ya Moto ya Meksiko

Mtu anayetengeneza chokoleti ya moto ya Meksiko kwa mara ya kwanza nyumbani, hasa aliyezoea kakao ya unga ya kopo, hukutana na mambo matatu ambayo hakuyatarajia: mafuta yanayong'aa juu ya kikombe, mashapo meusi yanayobaki chini, na povu ambalo ama halipandi kabisa au hupanda na kutoweka kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mara nyingi hudhani kwamba ameuziwa chokoleti mbovu. Ukweli ni kwamba kinywaji hiki kina tabia yake, nayo inatokana na jambo moja ambalo nitalirudia kila inapobidi: chokoleti ya namna hii haiyeyuki yote. Sukari yake huyeyuka na mafuta yake hugeuka kimiminika, lakini chembe za kakao zenyewe hubaki kuwa chembe, zikielea kwa muda tu kutokana na jinsi zilivyokorogwa. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini inaanzia hapo.

Chokoleti ninayoizungumzia ni ile ambayo Wameksiko huiita chocolate de mesa, yaani chokoleti ya mezani: punje za kakao zilizokaangwa, zikamenywa, zikasagwa pamoja na sukari na mdalasini, wakati mwingine na lozi, kisha zikafinyangwa kuwa vipande vinene vya mviringo. Katika jiji la Oaxaca, kwenye mitaa iliyo jirani na soko la 20 de Noviembre, vipo vinu ambako mteja hujichagulia mwenyewe kiasi cha kakao, sukari, mdalasini na lozi, na kusagiwa papo hapo. Katika kazi hiyo yote hakuna mafuta yanayokamuliwa. Unga wa kopo una asili nyingine: unatokana na ufundi wa kukamua mafuta ya kakao kwa mashine, ambao akina Van Houten wa Uholanzi walipata hataza yake mwaka 1828, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta huwa imekwisha kuondolewa. Punje nzima ya kakao, kwa upande wake, takriban nusu ya uzito wake ni mafuta. Anayevichukulia vitu hivi viwili kuwa kimoja ndiye anayepata tabu kubwa zaidi jikoni.

Ili tuwe na kipimo kimoja cha kulinganishia dalili, nachukua utaratibu ufuatao kuwa ndio wa kawaida. Kwa lita moja ya maziwa natumia gramu 100 hadi 120 za chokoleti. Kwa chokoleti ya maji, ambayo inapendwa sana Oaxaca, natumia gramu 160 hadi 180 kwa lita moja ya maji, kwa kuwa maji hayana uzito wala utamu wa maziwa. Chokoleti hukatwakatwa vipande vidogo, hulainishwa kwanza kwa maji ya moto kidogo mpaka iwe kama uji mzito, kisha kimiminika kilichobaki huongezwa polepole, sufuria hupashwa kwa moto mdogo hadi kukaribia kuchemka, huteremshwa, na kinywaji hupekechwa kwa dakika mbili au tatu kabla ya kumiminwa.

Mafuta yanaelea juu ya kikombe

Vijiduara vichache vya mafuta vya rangi ya dhahabu si kasoro hata kidogo. Ni ushahidi kwamba kakao haikukamuliwa. Tatizo lipo pale ambapo mafuta yanafanya utando mzima juu ya kinywaji na kuacha ladha ya mafuta kwenye midomo. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 34 za sentigredi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, kwa hiyo ndani ya kinywaji cha moto yote huwa kimiminika, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji hutafuta njia ya kupanda juu. Kinachoyazuia ni kugawanywa kwake kuwa matone madogo mno, na matone hayo hugawanyika kwa kupekechwa. Kinywaji kilichokorogwa kwa kijiko tu, au kilichopekechwa vizuri kisha kikaachwa mezani nusu saa, lazima kitatoa mafuta.

Sababu ya pili ni kuchemsha kwa nguvu na kwa muda mrefu, kwa maana matone ya mafuta hugongana katika mchemko na kuungana upya. Sababu ya tatu iko katika chokoleti yenyewe: vipande vingi vya viwandani huwekewa lesithini ya soya, ambayo hushikamanisha maji na mafuta, wakati chokoleti ya kusagwa nyumbani au kinuni kwa kawaida haina. Ya nne huwapata wale ambao, kwa kukosa chokoleti ya mezani, hutumia chokoleti nyeusi ya kula, kwani ile mara nyingi huongezewa mafuta ya kakao zaidi ya yale yaliyomo katika punje. Hao nawashauri wapunguze chokoleti kwa robo na kuijaliza kwa kijiko kimoja au viwili vya unga wa kakao usio na sukari.

Tiba ni kuteremsha sufuria, kuiacha itulie dakika mbili, na kupekecha upya. Usiyaengue mafuta kwa kijiko na kuyamwaga, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya kakao na mdalasini imo ndani yake, na kikombe kilichoenguliwa hubaki kama maziwa yenye rangi.

Povu halipandi, au linapanda na kufa

Hapa ndipo penye uzito wa kinywaji hiki, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo. Huko Meksiko povu si pambo. Chombo kimoja cha Wamaya, kilichotengenezwa kati ya mwaka 670 na 750 na ambacho sasa kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, kinaonyesha mwanamke akimimina kimiminika kutoka chombo kimoja kilichoinuliwa hadi kingine kilichowekwa chini, na maelezo ya Waazteki yaliyokusanywa na mtawa Bernardino de Sahagún katika karne ya 16 yanamsifu muuzaji anayemimina na kumimina tena hata povu lisimame, huku yakitaja unga wa mahindi na povu linalopasuka kuwa dalili za kinywaji duni. Njia ya kwanza ya kupata povu, basi, ilikuwa ni kumimina kutoka juu. Kifaa cha mti kinachoitwa molinillo kilienea baada ya Wahispania kufika, na ndicho kinachotumika hadi leo.

Molinillo ni fimbo ya mti iliyochongwa, yenye kichwa kinene chenye mifereji na pete za mti zinazocheza kwenye mpini. Mpishi huuweka mpini katikati ya viganja viwili na kuusokota mbele na nyuma kwa kasi. Kitendo hicho Kiswahili kinacho: ni kupekecha, kama vile mlenda unavyopekechwa, na kifaa chake ni upekecho. Ndilo neno nililolitumia hapo juu na nitakaloendelea nalo, na yeyote aliye na upekecho wa kawaida jikoni anaweza kuanza nao bila kungoja kifaa kutoka Meksiko.

Povu likikataa kupanda kabisa, angalia chombo kwanza. Sufuria pana na fupi haiwezi kutoa povu la maana, kwa kuwa kimiminika kinatawanyika badala ya kuvuta hewa. Wameksiko hutumia jagi refu la udongo au la bati ngumu, lenye tumbo pana na shingo nyembamba, nalo halijazwi kupita nusu. Jagi lolote refu la chuma linatosha. Angalia pia kama chombo kina mabaki ya mafuta ya kupikia au sabuni, kwa sababu vyote viwili hulivunja povu mara moja, na hili ni kosa linalosahaulika kirahisi kwa kuwa chombo kinaonekana safi kwa macho.

Baada ya chombo, angalia mahali upekecho ulipo. Wengi huuzamisha hadi chini na kuushikilia hapo mwanzo hadi mwisho. Dakika ya kwanza ni sawa kufanya hivyo, kwa maana mashapo huinuliwa na matone ya mafuta huvunjwa. Lakini baada ya hapo kichwa cha upekecho kinapaswa kuinuliwa mpaka kikate uso wa kinywaji, nusu ndani na nusu nje, kwani povu ni hewa na hewa iko juu. Sauti yenyewe hubadilika: mwanzoni ni nzito ya maji yanayozunguka, kisha inakuwa laini na ya kukwaruza, na hapo ndipo povu linapoanza kujengeka.

Joto nalo lina sehemu yake. Kinywaji kinachochemka huvunja povu lake chenyewe, na kilichopoa hadi kuwa vuguvugu huanza kuyarudisha mafuta katika hali ya kuganda, nayo mafuta yanayoganda ni adui wa kiputo. Wakati mzuri ni pale ambapo vipovu vidogo vimeanza kutokea pembeni mwa sufuria na mvuke unapanda kwa utulivu. Teremsha hapo hapo, kisha pekecha.

Povu linalopanda na kufa kwa dakika moja kwa kawaida lina viputo vikubwa, na viputo vikubwa hutokana na kupekecha kwa muda mfupi au kwa kasi ndogo. Endelea kwa dakika mbili zaidi. Viputo vikiwa vidogo kama vya sabuni iliyosuguliwa vizuri, chembe za kakao na protini za maziwa huvizunguka na kuvishikilia, na povu hukaa hadi kikombe kikikaribia kumalizika. Chokoleti ya maji huwa na povu jepesi zaidi kuliko ya maziwa, kwa hiyo isipimwe kwa kipimo kimoja na ile ya maziwa.

Asiye na upekecho anaweza kutumia mchapo wa mayai ndani ya jagi refu, ausokote kwa viganja badala ya kuuchapa, au arudi katika njia ya kale ya majagi mawili, akimimina kutoka urefu wa mkono mmoja mara kumi au kumi na tano juu ya sinia. Blenda inatoa povu jingi, lakini mvuke wa kinywaji cha moto unaweza kurusha mfuniko na kumchoma mtu. Isijazwe kupita theluthi moja, na tundu la mfuniko liachwe wazi na kufunikwa kwa kitambaa tu. Mimi siipendi, kwa sababu povu lake hujaa hewa bila kuwa na ladha, lakini siwezi kumkataza mwenye wageni ishirini.

Hatimaye kuna tatizo la kugawa: kikombe cha kwanza hupata povu lote na cha mwisho hupata mashapo. Pekecha tena kila baada ya vikombe viwili, au gawa povu kwanza katika vikombe vyote kwa kijiko kisha ujaze kimiminika taratibu pembeni.

Chembechembe mdomoni na mashapo chini

Sehemu ya dalili hii ni haki ya kinywaji. Ulimi wa binadamu hutambua chembe zenye ukubwa wa zaidi ya takriban mikroni 30, na chokoleti ya kula husagwa viwandani mpaka ishuke chini ya hapo. Chokoleti ya mezani haifiki huko, wala haikusudiwi kufika. Iliyosagwa kwa jiwe la metate au kinu cha kawaida hubaki na ukwaruzi kidogo, na wanaoipenda huupenda ukwaruzi huo. Kinachotakiwa ni kujua ni chembe zipi ulizonazo. Chukua chache, ziweke kwenye ncha ya ulimi na usubiri. Zikiyeyuka na kuacha utamu, ni sukari ambayo haikupata muda wa kutosha katika maji ya moto, na dakika tatu zaidi motoni zitamaliza jambo hilo. Zikibaki laini kama tope, ni kakao yenyewe, na tiba ni kupekecha. Zikiwa ngumu, zenye ncha, zikikwama kwenye meno, hayo ni maganda.

Maganda yanaonyesha kwamba kakao haikupepetwa vizuri kabla ya kusagwa. Kwa anayekaanga kakao mwenyewe, ungo wa kawaida wa kupepetea mchele unafanya kazi nzuri, mradi punje zimevunjwavunjwa kwanza kwa kinu na kupepetwa mara tatu au nne mahali penye upepo kidogo. Kinywaji ambacho tayari kina maganda kichujwe kwa chujio la chai. Wengine huchuja kila mara ili kupata ulaini. Nadhani ni hasara, kwa kuwa wanaacha kwenye chujio kitu kilekile walichokilipia.

Chokoleti imegandamana kuwa donge

Hili hutokea mwanzoni: umeweka chokoleti kwenye sufuria, umetia vijiko viwili vya maji, na badala ya kulainika imekuwa donge kavu linaloshika mwiko. Maji kidogo mno hulowesha chembe za sukari tu, nazo hushikana na kuyasukuma mafuta nje. Silika ya mpishi ni kuongeza moto, na hapo donge huungua. Ongeza maji ya moto badala yake, robo kikombe kwa wakati, huku ukikandamiza donge kwa mgongo wa mwiko. Litakaidi kwa muda, kisha litaachia ghafla na kuwa uji unaong'aa. Hakuna kilichoharibika.

Maziwa yameshika chini, yamefurika au yamekatika

Ladha ya kuungua inayofunika kila kitu husababishwa mara nyingi na kipande kizima cha chokoleti kilichotupwa ndani ya maziwa baridi na kuachwa kilale chini ya sufuria nyembamba. Sukari na protini za maziwa hukutana hapo na chuma cha moto na kushika. Ukisikia harufu hiyo, usikwangue chini. Mimina kinywaji katika chombo kingine bila kugusa sufuria, kisha uonje. Ikiwa ladha haijaenea, umeokoka. Ikiwa imeenea, sukari na mdalasini zaidi havitaificha.

Kufurika ni suala la uangalifu, ingawa wanaoishi nyanda za juu wanapaswa kujua jambo moja. Jiji la Meksiko liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 93. Nairobi nako maji huchemka karibu na nyuzi 94. Mapishi yanayosema upashe kinywaji hadi nyuzi 95 hayawezekani mahali hapo bila maziwa kupanda na kumwagika jikoni. Fuata vipovu vya pembeni na uiache namba.

Maziwa kukatika kunahitaji maelezo zaidi. Kinywaji hugawanyika kuwa maji ya rangi ya kahawia na vidonge vidogo vyeupe, na mara nyingi chanzo chake ni sukari guru. Meksiko wana sukari guru yao iitwayo piloncillo, inayotumika sana katika kinywaji kizito cha champurrado, na sukari ya aina hiyo huwa na tindikali kiasi cha kuyakata maziwa yanapochemka, hasa kama maziwa yenyewe yameanza kuchacha kidogo. Nilipoteza lita mbili za maziwa kwa namna hii kabla sijabadili utaratibu. Sasa huyeyusha sukari guru katika maji pamoja na mdalasini, huipika chokoleti humo, na huongeza maziwa mwishoni yakiwa ya moto tayari, moto ukiwa mdogo, bila kuyaacha yachemke tena. Maziwa yakishakatika hayarudi; kwa kunywa, yanaweza kuchujwa, lakini povu usilitegemee.

Ukakasi, uchachu na uchungu

Watu huita vyote vitatu uchungu, ilhali kila kimoja kina chanzo chake na mtu akikosea jina hukosea na tiba.

Ukakasi ni ile hali ya ulimi na mashavu kukauka, kama mtu aliyekula ndizi mbichi. Unatokana na kakao ambayo haikuvundikwa au haikuvundikwa vya kutosha. Baada ya kutolewa kwenye tunda, punje za kakao huvundikwa, yaani hulundikwa na kufunikwa zichachuke, kwa siku kadhaa, kwa kawaida tano hadi saba, na katika siku hizo vitu vinavyoleta ukakasi hupungua na vianzo vya ladha ya chokoleti hujengeka. Ukinunua kakao ya mkulima, iwe ya Kyela au ya Bundibugyo, ambako miti hii iliyotoka Amerika imepata makazi mazuri, kata punje kumi kwa kisu katikati kabla ya kulipia. Ndani kukiwa na rangi ya kahawia na mipasuko, kakao imevundikwa vizuri. Kukiwa na rangi ya zambarau nzito au ya kijivu na mwili ulioshikana, itakupa ukakasi. Inafaa kusema kwamba huko Meksiko kuna kakao inayooshwa na kukaushwa bila kuvundikwa, nayo ina matumizi yake, kwa hiyo ukakasi kidogo katika kikombe cha huko si lazima uwe kosa. Anayeukuta bila kuutaka apunguze chokoleti, atumie maziwa badala ya maji, kwani protini za maziwa huudhoofisha, na atie lozi zilizosagwa kama anazo.

Uchachu, yaani ladha kama ya siki kwa mbali, ni tindikali iliyozaliwa wakati wa kuvundika na ambayo haikupata nafasi ya kutoka. Kukausha haraka mno na kukaanga kwa muda mfupi mno ndizo sababu zake. Punje zilizokaangwa zinaweza kurudishwa kwenye kikaango kwa moto mdogo dakika kumi zaidi. Chokoleti iliyokwisha kusagwa inaweza kusaidiwa kidogo kwa kuipika bila mfuniko ili mvuke utoke, na kwa kuongeza muda kabla ya kutia maziwa.

Uchungu wenyewe, ule mkali wenye harufu ya majivu, ni wa kuungua. Kakao hukaangwa kwa kugeuzwa bila kupumzika, dakika ishirini hadi thelathini kwa moto wa wastani, mpaka maganda yaanze kupasuka na kuachia yakiguswa. Punje ndogo huungua mapema kuliko kubwa, kwa hiyo zichambuliwe kwa ukubwa kwanza. Punje kumi zilizoungua zinaweza kuchafua kilo nzima. Uchungu wa kuungua hauna tiba. Uchungu wa kawaida wa kakao unayo: chumvi, kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili kwa lita moja, huupunguza vizuri kuliko kijiko kizima cha sukari.

Mdalasini umetawala, au kinywaji kinateleza

Mdalasini unaotumika Meksiko, wanaouita canela, ni ule ambao asili yake ni Sri Lanka: gome jembamba, la tabaka nyingi, linalovunjika kwa vidole. Kipande kinene na kigumu cha tabaka moja, ambacho pia huuzwa kwa jina hilohilo la mdalasini, ni cha jamaa yake mwenye ukali zaidi, na ukikitumia kwa kipimo kilekile kitaimeza kakao. Mdalasini wa Zanzibar ni wa aina ile ya kwanza, na msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati ya kuupata bila safari. Achague magome membamba.

Utelezi ni jambo jingine. Unga wa mdalasini hauyeyuki. Hunyonya maji na kutoa ute, na ukizidi kijiko kimoja cha chai kwa lita kinywaji huvutika kama mlenda. Chemsha kijiti kizima katika maji kwa dakika kumi na ukitoe, au saga unga pamoja na kakao mapema ili mafuta yauzunguke.

Pilipili, kwa wale wanaoitia kwa kuiga vinywaji vya kale, hufanya kosa la mafuta: ukali wake huyeyuka katika mafuta, nayo yakielea, fundo la kwanza huchoma na la mwisho halina kitu. Chokoleti ya mezani ya kawaida katika nyumba nyingi za Meksiko leo haina pilipili, na mimi siitii.

Kinywaji chepesi mno, kizito mno, au chenye madonge

Wepesi hutibiwa kwa chokoleti zaidi, si kwa wanga wa mahindi, kwa kuwa wanga huleta uzito bila kuleta kakao. Isipokuwa kama unachokitaka ni champurrado, ambayo kwa haki yake ni uji: chokoleti pamoja na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kusagwa. Madonge ya champurrado hutokea kwa kosa lilelile linalojulikana na kila mpika uji, yaani kutupa unga mkavu ndani ya maji ya moto. Wanga huvimba ukifika takriban nyuzi 65, na punje za nje zikivimba kabla ya za ndani kulowa, donge limezaliwa. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, umimine huku ukipekecha. Unga wa sembe unaweza kushika nafasi ya ule wa chokaa kwa uzito, lakini unataka dakika kumi na tano hadi ishirini motoni ili harufu ya ubichi iishe, na ladha ile ya chokaa haitakuwepo.

Champurrado huzidi kuwa nzito inapopoa. Iteremshe ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka.

Vipande vina weupe, na kinywaji kilicholala

Ukungu wa kijivu au mweupe juu ya kipande cha chokoleti kilichokaa kabatini mara nyingi si uozo. Ni mafuta yaliyopanda juu kwa joto na kuganda upya, au sukari iliyolowa na kukauka, hasa kwa chokoleti iliyotolewa kwenye friji na kupata unyevu. Isugue kwa kidole chenye joto: mafuta yatayeyuka, sukari itakwaruza, na vyote viwili vitapotea ndani ya sufuria bila madhara. Kikiwa na manyoya, madoa ya kijani au harufu ya vumbi la chumba kilichofungwa, ni kuvu, na kipande hicho kitupwe chote, kwa kuwa kuvu hauishii pale unapoonekana.

Kinywaji kilichobaki usiku kucha kwenye friji kitakuwa na tabaka gumu la mafuta juu, utando wa maziwa chini yake, na mashapo chini kabisa. Usilitupe tabaka hilo. Ondoa utando tu, weka sufuria kwenye moto mdogo, ongeza maji ya moto vijiko vitatu au vinne kwa kila kikombe, subiri mpaka mafuta yayeyuke yote na vipovu vya pembeni vitokee, kisha teremsha na upekeche kuanzia chini, kwa muda mrefu kidogo kuliko jana. Chokoleti ya maji huvumilia kulala vizuri kuliko ya maziwa, na asubuhi yake, pamoja na kipande cha mkate mtamu wa mayai cha kuchovya kama wafanyavyo watu wa Oaxaca, povu lake husimama tena.